Aliyemaliza Mafuta ya Sanduku la Baridi

Kokuhirwa aliitwa mwizi siku ya Jumapili, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Aliyemwita hivyo alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wake, Egbert, bwana mifugo wa kituo cha Kaisho, mtu wa Muleba aliyevaa soksi ndefu hata akienda chooni. Kijana huyo hakuwa amempa shikamoo hata siku moja tangu afike. Alikuwa akisimama na kusubiri apewe yeye.

"Debe la mafuta ya taa lilikuwa linakaa wiki mbili," alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Safari hii limekaa wiki moja. Na sanduku lenyewe lina joto. Mafuta hayana miguu, mama."

"Unasema nini, bwana?"

"Nasema wewe ni mwizi. Alhamisi lori linaleta dawa ya ng'ombe, ya sotoka, kutoka Bukoba. Likikuta sanduku lina joto, bwana mkubwa ataniuliza, nami nitamtajia jina. Mkungu wa kijiji atakupeleka baraza la gombolola, ukajieleze huko."

Watu walisikia. Hilo ndilo lililomuuma. Kufungwa kunakwisha, mtu anarudi nyumbani, lakini mwizi wa Kaisho hubaki mwizi wa Kaisho mpaka wajukuu wake waoe, na hata siku hiyo ya harusi atakuwepo mtu wa kunong'ona.

Mwaka huo ulikuwa 1956, na katika eneo lote lile hapakuwa na mtu aliyelijua sanduku la baridi kuliko Kokuhirwa. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili, migomba na kahawa ya kumtosha. Kabla ya ujane alifanya kazi miaka saba jikoni kwa meneja wa machimbo ya bati huko Kyerwa. Huko alijifunza Kiswahili na matusi ya Kizungu. Alijifunza pia kwamba lipo kabati jeupe linaloweza kugandisha maji kwa moto wa taa. Wenzake walikataa kuligusa. Walisema moto unaozaa barafu si moto wa Mungu. Yeye alipiga magoti akachungulia chini yake, akakuta tangi la mafuta, utambi wa duara, na bomba la dohani linalopanda nyuma, akaona ni jiko kama majiko mengine, lina tabia zake tu. Serikali ilipoleta sanduku kama hilo Kaisho kwa ajili ya dawa za ng'ombe, aliitwa yeye alilee. Kila asubuhi alikata utambi ukawa sawa, akapunguza moto mpaka ukawa wa buluu, akafuta masizi. Miaka mitatu hapakuharibika hata chupa moja.

Kisha binti yake aliyeolewa Rugu akajifungua, naye akaenda kumwuguza siku tisa. Aliporudi alikuta sanduku limepata joto, debe liko tupu, na Egbert anadai kwamba nusu ya debe aliondoka nayo Rugu, na ana jina la kumpa.

Jumapili hiyohiyo alasiri aliingia kituoni bila kumwomba mtu ruhusa. Chumba kilikuwa kimetandikwa nyasi nene, mbichi, za kupendeza, kwa heshima ya bwana mkubwa aliyekuwa anakuja. Hilo halikumshangaza, kwani hata kwake mgeni hukanyaga nyasi. Alipiga magoti akachomoa tangi. Moto ulikuwa mrefu, wa njano, unatoa moshi kama wa kuchoma ndizi.

"Nani amepandisha moto huu?"

"Mimi," alisema Egbert mlangoni. "Sanduku lilikuwa halifanyi baridi. Nimeliongezea nguvu."

"Moto mkubwa haufanyi baridi, bwana. Unakula mafuta na kujaza masizi."

"Usinifundishe. Mimi nina cheti."

Basi mwenye cheti alisimama pale na cheti chake, mjane akafanya kazi. Alikata utambi, akapitisha brashi ndefu kwenye dohani, akatoa masizi ya kujaza ungo. Alifungua mlango, akakuta ndani sufuria ya uji wa moto, ukitoa mvuke, umewekwa upoe kwa ajili ya bwana mifugo. Akautoa nje akauweka juani. Alibana kipande cha karatasi mlangoni akakivuta kuona kama mpira unashika, ukashika. Moto ukawa buluu, mdogo, mtulivu. Jumatatu asubuhi alirudi akatia mkono ndani, akakuta joto lilelile la kwapani.

Hapo aliogopa. Alikuwa amefanya yote aliyoyajua, na Egbert alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu.

"Unaona? Umeliharibu makusudi ili wizi usionekane. Toka. Leo jioni nafunga chumba, na ufunguo utalala shingoni kwangu. Sasa tutaona kama mafuta yatapungua tena."

"Moto unauacha vipi?"

"Ninavyotaka mimi." Akainama akaupandisha tena mbele ya macho yake.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kulia. Kokuhirwa alilia pia, lakini njiani, huku akitembea kwenda kwa mkungu, ili asipoteze muda. Mkungu Rwegoshora alikuwa mzee mvivu aliyechukia kesi kuliko alivyochukia mvua ya mavuno. Mama huyo alipiga magoti uani kwake kama desturi inavyotaka.

"Waitu, bwana wangu, sikuja kuomba unitetee. Nakuomba uje na kijiti. Ukichovye kwenye tangi kabla bwana hajafunga mlango, uchonge alama mafuta yanapofika, kijiti ukae nacho wewe. Keshokutwa ukichovye tena."

"Na yakipungua?"

"Mwenye ufunguo ni yeye. Basi na mwizi atakuwa yeye, au moto."

Mzee alicheka, na kwa sababu alikuwa amecheka ilibidi aende. Egbert aling'aka, akasema kijiti si kipimo cha serikali. Mkungu alimjibu kwamba yeye mkungu naye hatumikii serikali ya Muleba. Kijiti kikachovywa, alama ikachongwa, kufuli likabanwa.

Jumatano asubuhi mlango ulifunguliwa watatu hao wakiwa wamekaza nyuso. Chumba kilinuka moshi, ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi hadi darini. Mkungu alichovya kijiti. Mafuta yalikuwa yameshuka vidole vinne chini ya alama, mara mbili ya vile moto mdogo hula kwa siku mbili, nayo hayakuwa yameguswa na mtu. Egbert alikichukua kijiti, akakipima kwa vidole vyake mwenyewe.

"Basi mashine ni mbovu," alisema. "Nitaandika kwamba mashine ni mbovu."

"Hukusema mashine, Jumapili," alisema Kokuhirwa. "Leta bakuli la maji, lijae hadi ukingoni."

Hakuna aliyesogea, akalileta mwenyewe. Alikuwa amekesha akiwaza, na katika kuwaza alikumbuka siku moja kule machimboni walipohamisha sanduku la meneja wakaliweka kwenye sakafu yenye mteremko. Lilikaa siku nne bila baridi, na meneja mwenyewe ndiye aliyeweka bakuli la maji juu yake. Yaliyomo ndani ya mabomba hutembea yenyewe, hayasukumwi na kitu, kwa hiyo sanduku likiinama hayafiki yanakotakiwa kufika. Aliweka bakuli juu ya lile kabati jeupe, akaliachia polepole. Maji yalimwagika upande wa mbele, yakachuruzika mlangoni mpaka kwenye nyasi.

Akatia mkono chini ya miguu ya sanduku. Nyasi zilikuwa zimetandikwa hadi humo, nyembamba mbele, nene kwa nyuma.

"Sanduku hili lilinyanyuliwa," alisema. "Nani alitandika?"

Mke wa Egbert, Stephania, alikuwa amesimama nje kwa adabu. Alijibu bila kujua anajibu nini. "Mimi, mama. Bwana aliita watu wawili wakalinyanyua. Alisema bwana mkubwa asije akaona kipara sakafuni, akadhani nyumba yetu haina malezi."

Alisema kweli. Mwanamke aliyelelewa vizuri haachi kipara katikati ya nyasi, iwe Muleba au Kaisho, na Kokuhirwa mwenyewe angetandika hivyohivyo chini ya kitanda. Hasira yake haikumgusa Stephania. Ilimwendea yule aliyetoa amri, akawasha moto mkubwa sentimita chache juu ya nyasi, akafunga mlango, akalala usingizi. Kituo kizima kingeungua, na hata majivu wangemsingizia yeye.

"Nyanyua," alimwambia Egbert.

Akanyanyua. Mbele ya mkungu hakuwa na namna. Waliondoa nyasi zote, wakaweka sanduku juu ya saruji tupu, maji yakatulia bakulini pande zote. Kokuhirwa alisafisha dohani mara ya pili, akakata utambi, akashusha moto. Alhamisi alfajiri ukungu mweupe ulikuwa umeota ndani, na kwenye kikombe alichokiacha humo maji yalikuwa yameshika ngozi ya barafu.

Lori lilifika saa nne. Bwana mkubwa alitia mkono ndani ya sanduku, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Dawa iliingia, na juma lililofuata ng'ombe wa Kaisho na Mabira wakachomwa sindano, wawili wa Kokuhirwa wakiwemo. Lakini siku ile ya lori Egbert alisema kwa Kiingereza maneno marefu, akajigonga kifua, na bwana mkubwa akampa mkono. Kokuhirwa hakuhitaji kutafsiriwa. Alingoja vumbi la lori litulie.

"Sasa lile neno lako la Jumapili," alisema.

"Yameisha hayo, mama. Sanduku limepona, dawa ipo. Yaishe."

"Hayajaisha. Uliyasema mbele ya watu. Yaondoe mbele ya watu."

"Mimi ni mtumishi wa serikali. Siwezi kumwomba radhi mpishi." Alimgeukia mkungu. Mkungu akatazama miguu yake, akasema shauri limekwisha, mafuta hayakuibwa, kila mtu aende kwake. Kijiti alikitupa migombani. Kokuhirwa aliweka brashi ya dohani juu ya sanduku, akaondoka, na hakurudi kazini.

Yalipita majuma matano. Pale kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza anapofika. Adventina, jirani yake wa tangu utoto, alianza kuingiza ndani debe lake la mafuta. Kisha Stephania akaja, kabeba mtoto mgongoni, hana raha. Sanduku lilikuwa linatoa moshi tena, dawa nyingine ilikuwa njiani, na bwana alikuwa amepandisha moto.

"Mwambie mwizi yupo," alisema Kokuhirwa. "Aje mwenyewe. Aje mchana."

Alikuja Jumamosi. Ilikuwa siku ya kuchambua kahawa, na uani palikuwa na wanawake tisa kwenye mikeka, Adventina miongoni mwao. Egbert alisimama pembeni akifuta jasho.

"Mama, nimekuja tuongee."

"Ongea. Hawa wote wanasikia Kiswahili, na asiyesikia atatafsiriwa."

Egbert aliwageukia wanawake. "Kokuhirwa hakuiba mafuta ya kituo."

Mikono ikasimama juu ya kahawa. Kokuhirwa hakunyanyua uso. "Yaliisha," alisema. "Nani aliyamaliza?"

"Ule moto ulikuwa..."

"Moto haujiwashi. Nimeuliza nani."

Alitazama lango, akaona kwamba hata akiondoka bila kujibu, wanawake tisa wamekwisha kulijua jibu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Adventina hasikii vizuri siku hizi," alisema Kokuhirwa. "Sema tena."

"Mimi ndiye niliyeyamaliza."

"Haya. Shusha moto mpaka uwe buluu, kata utambi, safisha dohani kila Jumatatu. Uji wako upoe nje. Kwako sirudi." Akauvuta mkeka wake hadi ulipo wa Adventina, akaketi karibu naye kabisa, wakaendelea kuchambua, na Adventina hakuweza kunyanyua macho hadi jioni.