Chaja Iliyobaki Ukutani

Jumamosi ile tulikutana kwa maombi Columbia Heights, huku ughaibuni, nyumbani kwa kijana mmoja Mtanzania anayefanya kazi ofisini. Nilikwenda na mke wangu, nikiwa nimechoka mwili na roho. Nyumbani Singida kaka yangu alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya mguu ulioharibiwa na kisukari, na mwanawe aliahidi kunipigia simu akishatoka. Tulimwombea, tukaitikia amina, chai ikaletwa.

Kilichonikalia moyoni ni simu iliyokuwa mfukoni. Ilikuwa inakaribia kuzima. Sisi huku, mtu akisafiri kwenda nyumbani, kila familia hufungua droo na kumpa simu kuukuu na chaja zake awapelekee ndugu. Juzi yake dada mmoja wa kanisani alikuwa amesafiri, na mke wangu akamfungia furushi letu vizuri kwa mpira. Asubuhi ile nilipotaka kuchaji, nikakuta chaja iliyobaki ukutani ni ya simu iliyosafiri. Yangu ilikuwa imeshavuka bahari. Na miaka ile kila simu ilikuwa na tundu lake.

Nilisubiri mazungumzo yatulie niombe chaja. Hayakutulia.

"Ulaya wana akili," alisema mwenyeji wetu. "Gari linalotoa moshi mwingi wanalitoza kodi. Tutake tusitake, sote tutaendesha magari ya umeme."

Mkenya mmoja, dereva wa teksi, akaweka kikombe chini. "Ya kuchomeka kwa ukuta? Mimi nakaa ghorofa ya sita, ndugu yangu. Waya nitaurusha dirishani?"

"Watajenga vituo."

"Wakijenga uniite. Saa hii abiria wangu anataka kufika uwanja wa ndege, hataki kungoja gari inywe stima."

"Wewe utazikwa na hilo gari lako la petroli."

"Nizike nalo, lakini usisahau kujaza tangi!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, nikaitazama simu. Ilikuwa imezima. Nilijiambia kwamba Mungu hahitaji simu ili kumtunza kaka yangu. Niliamini hivyo, na bado naamini, lakini mkono haukutoka mfukoni.

"Hata simu," mwenyeji akaendelea, "Ulaya wamewabana wenye viwanda wakubaliane chaja ya aina moja."

"Hao wanapenda sana kupangia watu," dereva akajibu. "Kesho watakupangia urefu wa ndizi."

Hapo mke wangu akashindwa kuvumilia. "Hiyo ya chaja moja ingekuja jana," alisema. "Baba yenu hapa simu imezima, na habari za hospitali zinapitia humo humo."

Mwenyeji akaruka kwenda chumbani, akarudi amebeba chaja nyingi zilizosokotana. Tulijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyoingia.

"Mzee, toa laini uweke kwa yangu," dereva akasema.

"Hii ni ya kampuni za huku, haina laini ya kutoa. Na namba ya mtoto wa kaka imo humu, sijaishika kichwani."

"Na umekaa hapo ukitusikiza tukipiga kelele! Si ungesema, Mzee?" Akachukua funguo. "Twende kwa gari. Niko na chaja ya vichwa vingi, ya abiria."

Tukashuka ngazi pole pole, maana magoti yangu hayapendi haraka. Akawasha injini, akajaribu vichwa vile kimoja kimoja mpaka kimoja kikaingia. Mwenyeji wetu, yule wa magari ya umeme, alikaa kiti cha nyuma. Nilifumba macho.

Simu ikawaka. Muda si mrefu ikalia.

"Baba mdogo, nimepiga mpaka basi," alisema mtoto wa kaka. "Ametoka. Mguu wameukata. Lakini yuko hai, ameomba maji."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nililia kwa ajili ya mguu ule, mguu wa mtu aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda shule wakati wa mvua. Wenzangu waliniacha nilie.

Nilipotulia nikamwambia dereva azime injini, asimalize mafuta yake bure.

"Acha, Mzee," alisema. "Ijae kwanza. Jioni utataka kupiga tena."

Kutoka kiti cha nyuma mwenyeji wetu akasema tangi atajaza yeye.