Mashine Iliyopika Mayai ya Mama

Mama yangu hakuuliza bei. Aliuliza ukoo. Nilikuwa kando yake nikichambua viatu vya mitumba vya kupeleka sokoni Kitale, nikamsikia akimhoji mtu kwenye simu: wewe ni mtoto wa nani, baba yako ni wa upande gani, mama yako alizaliwa wapi. Nikadhani ni mtu wa kanisa. Kumbe alikuwa anaagiza mashine ya kuangulia mayai.

Mama anakaa nami tangu baba alipofariki. Simu nilimnunulia mimi, ili nimpate akiwa shambani. Siku hizi simpati kwa sababu yuko mtandaoni. Huko ndiko alikoiona video ya vifaranga wakipasua maganda ndani ya sanduku jeupe lenye kioo, na kijana mwenye sauti tamu akisema mashine inatoka godauni lake Nairobi moja kwa moja hadi mlangoni kwako. Mama alirudia video hiyo mpaka nikamwambia aizime, inanitia wazimu.

Lakini nilijua anachotafuta. Alipoolewa kutoka Bokoli, mama yake alimpa jogoo na tembo wa kwao, wale wenye kishungi kichwani na manyoya mpaka kwenye vidole. Tembo ndivyo tunavyomwita kuku jike nyumbani kwetu. Baba alikuwa akiwacheka, ati kuku wa mke wake wamevaa soksi. Kizazi hicho kililishwa, kikahamishwa, kikanusurika miaka yote hiyo. Bokoli kwenyewe kilishaisha, watu wamejaza hawa wa kisasa. Halafu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita mtaani kwetu kama ufagio. Majirani walibaki na matenga matupu, na sisi tukabaki na jogoo mmoja na tembo mmoja mzee. Yule tembo alitaga mayai machache, akakataa kuatamia, na asubuhi moja tukamkuta amelala ubavu. Kuku wa kuazima wa kuyaatamia hayo mayai hakuwepo mtaa mzima, na mayai hayangojei mtu. Yakiharibika, basi, ndio mwisho wa kuku wa nyanya yangu.

Kwa hivyo aliponiambia nitume pesa kwa simu, nilimwuliza kama amekubaliana na huyo mtu kwamba tutalipa mzigo ukifika. Aliniangalia vibaya sana.

"Mama yake ni wa ukoo wetu. Huyo ni mtoto wa dada yangu. Sasa nimwambie mtoto wa dada yangu kwamba simwamini?"

"Mama, umemjua leo."

"Nimemjua leo, lakini si alizaliwa zamani?"

Nilituma. Ningebishana naye mpaka jioni na bado ningetuma.

Mashine ilifika, na lazima niseme ilikuwa nzuri kuangalia. Mama aliyapanga mayai moja moja akiyasemesha kwa Kibukusu, akafunika, akawasha. Kioo kikaandika joto lile lile ambalo yule kijana alisema linafaa. Kiliandika hivyo asubuhi, mchana na jioni. Mama akafurahi kwamba mashine haiyumbi. Mimi ndiye niliyeanza kushuku, kwa sababu siku moja nilifungua kifuniko nikakiacha wazi makusudi, upepo ukiingia, na namba haikubanduka. Nikatia mkono ndani. Wee! Ilikuwa kama kushika pasi.

Mama alipasua yai la kwanza kwenye sahani. Halikumwagika. Lilitoka gumu, limeiva, na ndani ya ute ule ulioiva kulikuwa na alama ya kifaranga kilichokuwa kimeanza kuumbika. Akapasua la pili. La tatu hakulipasua. Aliliweka chini, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nilipomfuata alikuwa analia kimyakimya, machozi yakimdondokea kwenye leso. Kwa mazishi ya baba hakulia hivyo, maana siku hiyo watu walikuwa wengi.

Nilimpigia yule kijana. Nilianza kwa adabu, Mungu ni shahidi wangu.

"Madam, mashine iko sawa," akasema. "Shida ni mayai. Mna jogoo?"

"Tuko naye."

"Ana miaka mingapi?"

"Jogoo anaingiaje hapa?"

"Basi huyo ni mzee. Mayai hayana mbegu. Tafuteni jogoo kijana, bana, musilaumu mashine."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alisimama. Katika mambo yote aliyotendewa na huyo mtu, hilo ndilo lililomkausha machozi. "Jogoo wangu? Ati jogoo wangu?" Nikamweleza yule bwana kwamba mayai yalikuwa na mbegu, tumekiona kifaranga kwa macho yetu, kimepikwa. Akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia. Akakata, na tangu hapo simu zetu hazikupita tena. Alikuwa ametufungia njia.

Mimi nilitaka polisi. Mama akasema polisi watamwuliza jina la huyo mtu na hana, ila la duka lililotokea kwenye ujumbe wa pesa, lakini ukoo anao. Akampigia mjomba wangu Bokoli, akamweleza: mtoto wa dada yetu fulani, aliyeolewa upande wa Bungoma, anauza vitu kwa simu. Nikamwambia anajisumbua bure. Mtu aliyedanganya juu ya mashine, juu ya godauni na juu ya jogoo, kwa nini aseme kweli juu ya mama yake? Mjomba akapiga simu kabla chai haijapoa. Anamjua huyo kijana. Yeye ndiye aliyemvika ile nyama ya ng'ombe shingoni alipokuwa akienda kutahiriwa, maana kwetu kazi hiyo ni ya mjomba. Nyumbani kwao si mbali na Kibabii, na ukifika soko la pale uulize tu.

Kweli hiyo moja ndiyo iliyomkamata.

Tuliposhuka Bungoma, mama aliniambia nisubiri, akaingia dukani. Alitoka na sukari, majani ya chai na mkate.

"Hiyo ni ya nani?"

"Mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu."

Nilitamani kukaa chini pale barabarani. Mwizi ametuibia, halafu tunamnunulia sukari! Mama alitangulia. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisa na kiatu kilichokuwa kinambana, na ile mashine nilikuwa nimeibeba mimi, imefungwa kwenye gunia.

Tulipokelewa na mama mmoja mnene mwenye kicheko, mdogo kwa mama yangu. Huyo ndiye mama yake yule kijana. Mama yangu alijitambulisha, akataja baba yake na babu yake, na kabla hajamaliza yule mama alikuwa ameshamkumbatia, "dada yangu, dada yangu," kiti kimetolewa, maji ya kunywa yameletwa. Nilimkanyaga mama mguu nikitaka aseme kilichotuleta. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Salamu kwanza." Basi wakasalimiana. Walisalimiana mpaka wafu wao. Yule mwenyeji alituambia mwanawe anafanya kazi ya mtandao, kwamba ndiye aliyeezeka nyumba hii mabati mapya, na kwamba sasa hivi yuko ndani amelala, hawa vijana wa kompyuta hulala mchana. Mimi nilikuwa naangalia mabati nikijiuliza ni yepi yetu.

Halafu akasema, "Ngoja niwatafutie mboga," akatoka. Tukajua maana yake, kwa sababu kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku hajafika. Na ukishamla kuku wa mtu, maneno makali yanakuwia magumu mdomoni. Nilimnong'oneza mama aseme sasa hivi, kabla kisu hakijanolewa. Akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akatoka hadi mlangoni, akafungua mdomo.

"Usimchinje!"

Sijawahi kumsikia mama akipiga kelele vile. Yule mwenyeji alisimama katikati ya ua, kuku mkononi, kichwa chini, mabawa yakipigapiga. Na uso wake ulibadilika, maana hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mgeni kukataa kuku!

"Kwani dada," akasema polepole, "mmekuja na vita?"

Mama alikuwa ameshafika karibu naye, ameinama, ameshika miguu ya yule kuku. Ndipo nami nikaiona. Manyoya mpaka kwenye vidole. Kishungi kichwani.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Si ni wa nyumbani? Mama aliniletea nilipoolewa. Nimebaki na huyu na dada zake wawili."

Sasa mama yangu alilia mbele za watu. Yule mwenyeji akaachia kuku, akamshika dada yake, na hakujua kinachomliza ni nini. Ikabidi niseme mimi. Nilifungua gunia, nikaweka mashine kwenye nyasi, nikaeleza tangu simu ya kwanza mpaka jogoo kuitwa mzee. Sikupunguza neno. Nilikuwa nimejiandaa kufurahia, nikaona uso wa yule mama unavyoporomoka, na furaha haikuja.

Yule mwenyeji alikwenda kwenye dirisha la nyumba ndogo ya nyuma akaligonga kwa kiganja. Kijana akatoka na fulana na patipati, macho ya usingizi, akaona mashine yake kwanza, halafu mimi, halafu mama.

"Mwanangu," mama yangu akamwuliza, "godauni ndilo hili?"

Ile sauti tamu ya kwenye video ilipotea. Alisema mzigo wote alioletewa ulikuwa hivyo, namba ya kioo haisongi, naye alishamaliza pesa kuununua, angefanya nini. Nikamwambia angeutupa. Akasema ndiyo, mama yake akamnyamazisha, akasema atawaita wajomba. Hapo kijana alipiga magoti mwenyewe, kwa sababu mjomba aliyekuvika nyama huwezi kusimama mbele yake na kesi ya kumwibia dada yake. Akaahidi kurudisha pesa. Mama akasema pesa zitarudi, hilo halina mjadala, lakini yeye ana swali moja.

"Ulinidanganya mambo yote. Kwa nini ukoo hukunidanganya?"

Aliitazama mashine pale kwenye nyasi. Nilidhani anatunga uongo mwingine.

"Watu wananiuliza bei," akasema. "Wananiuliza kama kuna warranty. Hakuna mteja amewahi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilijibu tu."

"Na ulipojua mimi ni mama yako, ukanitumia hii."

Kijana akaanza kuirudisha mashine kwenye gunia.

Kuku tulichinjiwa, wa kisasa, aliyeletwa mbio kutoka kwa jirani, na mama akala firigisi aliyopewa. Wakati wa kuondoka, yule mwenyeji alimkamata tembo wa Bokoli, yule yule aliyeponea kisuni, akamfunga miguu kwa kitambaa laini, akampa dada yake. Kijana ndiye aliyembeba hadi barabarani. Nilimwambia akimwangusha nitamwua. Akasema, "Ndiyo, dada." Nilikuwa nimemtukana kwa wiki nzima, na ghafla mimi ni dada.

Pesa alirudisha kidogo kidogo. Video zile alizitoa, ingawa mimi huchungulia ukurasa wake mara kwa mara, simwamini. Mashine tunawekea vitunguu.

Tembo alitaga, akaatamia mwenyewe nyuma ya jiko, na vifaranga walipotoka mama alichuchumaa pale mpaka magoti yakamgoma, akiwageuza mmoja mmoja kuwaangalia vidole. Wote walikuwa na soksi. Kisha akaniamuru nimpigie mtoto wa dada yake na niweke spika. Simu ilipita.

"Jogoo wangu si mzee," akamwambia.

Nikadhani amekata, nikanyoosha mkono kuzima.

"Ndiyo, mama," sauti ikasema. "Nilijua."