Bukini wa Hasamba na Kitenge cha Mama Mkwe

Aibu hii nimeificha karibu miaka miwili, lakini kwa kuwa baba mdogo ameshaisambaza mpaka sokoni Tunduma, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia (na hilo ndilo linaloniuma zaidi). Siku hiyo tulikwenda Hasamba kupeleka barua ya posa kwa kina Neema, baba mdogo akiwa mshenga, mimi nimevaa suti ya kijivu, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kunyamaza. Sasa tukawa tunamsubiri shangazi yake Neema amalize kuanika kahawa, bata bukini wao anazunguka uani, nikaona nisikae kama gogo, nikamwambia baba yake Neema, "Unajua, baba, midomo ya ndege haikuumbwa ovyo. Wa mwewe umepinda ili achane nyama, wa chozi ni mwembamba wa kunyonya maua, wa kuku mfupi wa kudonoa punje, na bata kama huyu ana mdomo bapa, laini, wa kuchuja vijidudu kwenye matope. Huu hauwezi kuuma mtu."

Mzee akaguna tu. Ningeishia hapo, lakini nikanyoosha kidole kumwonyesha.

Yule ndege alikibana kidole akakisokota, nikaruka nyuma nikaangukia meza ya chai, birika likanimwagikia mapajani (bahati chai ilishapoa), na nilipoinama kuokota vikombe akanikamata makalio akavuta, suruali ikachanika mpaka gotini.

Na hakuna aliyemfukuza. Watu wazima saba wamekaa wanatazama ndege anamla mgeni, na baba mdogo wangu mwenyewe kageukia ukutani, mabega yanatikisika, eti anakohoa. Aliyeinuka ni bibi yake Neema. Akamsogeza bukini kwa fimbo, akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, huyo si wa matope. Huyo anakula majani. Mdomo wake una meno meno pembeni kama msumeno, ndiyo anakatia nyasi. Shuleni hamfundishwi?"

"Tunafundishwa, bibi," nikajibu. Ningesema nini, na damu inatoka kidoleni?

Basi barua yangu ikasomwa nikiwa nimefungwa kitenge cha mama mkwe, mtu ambaye kwa desturi zetu hata kumpa mkono naogopa. Neema anachungulia mlangoni, machozi yanamtoka kwa kucheka. Posa ilikubaliwa, tukaoana, na siku ya harusi walichinja ng'ombe na kuku wote wa uani, bukini wakamwacha, eti ndiye aliyenipokea.

Nimeapa, ukweni sifundishi tena. Wakiniuliza juu ya ndege, mahindi au mvua, najibu sijui, nakunywa chai yangu, na miguu naiweka juu ya stuli.