Seva Iliyokataa Niende Kotile

Jamani, kuna seva ilikuwa ikikata roho kila nikitoka ofisini. Situngi, fundi wake ni mimi.

Ofisi yetu iko Waberi, Garissa. Tunatengeneza programu ya wauza mifugo, na seva ya majaribio ni kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza. Niliiandikia skripti, washa.sh. Asubuhi naiwasha kupitia laptop yangu, watu wanafanya majaribio mpaka Wajir. Jioni nikiondoka tu, kwisha.

"Buda, hii seva inakupenda noma," Hamze, mwenzangu, alinicheka. "Ioe tu."

Nilifurahi, siwafichi. Nikatembea kwa maringo, hata nywila sikumpa mtu.

Kisha Hooyo, mama yangu, akapiga simu kutoka Kotile. Dada yangu Warsan anaolewa Ijumaa, na kwa kuwa baba hayupo tena, walii wa kumwozesha ni mimi.

Bosi wetu, dada Kowsar, tunayemwita Abaayo, akakataa katakata.

"Walaal, ndugu yangu, wewe hapana enda. Ijumaa watu wa Wajir iko na majaribio. Wewe ikitoka, seva inakufa."

"Lakini mimi ndiye walii!"

"Basi harusi ifanyike hapa Waberi."

Jumatano nikasoma kumbukumbu za seva. Kila siku ilikufa dakika ileile niliyofunika laptop!

Nikaitazama skripti yangu, nikaona aibu. Nilisahau neno moja, nohup, linaloiambia programu iendelee hata dirisha la laptop lililoiwasha likifungwa. Mapenzi hayakuwepo. Niliifunga mwenyewe kwenye laptop kama mbuzi kwenye kigingi.

Nikaliongeza neno, nikaandika na zima.sh, nikampa Hamze nywila. Nikafunika laptop mbele ya Abaayo Kowsar. Seva ikaendelea kama kawaida. Hamze alicheka mpaka akakaa chini.

Nikapewa ruhusa. Ijumaa nikamwozesha Warsan, machozi yakanitoka. Lakini kila nikimeza tonge nachungulia simu. Kimya.

Jumapili uvumilivu ukaisha, nikampigia bosi.

"Abaayo, seva inasumbua?"

"Hata kidogo."

"Basi kesho narudi."

"Haraka ya nini? Bumzika tu, walaal. Hakuna mtu imekuuliza."

Ndugu zangu, ukitaka ruhusa, ifundishe kazi yako kusimama bila wewe. Ila ikisimama kweli, utaumia. Mimi niliumia, na pilau ilikuwa tamu.