Verlon wa Redio na Bendera ya Kanisa la Nebo

Mimi niliacha shule darasa la tisa, na hakuna trekta wilaya hii nzima iliyowahi kunishinda. Nakwambia mapema ili ujue habari hii huletewi na mjinga. Huletewi na msomi pia, na hiyo ndiyo bahati yako.

Verlon Stamps alikuwa na mdomo mpana kuliko mlango wa ghala, na nikisema mimi kwamba mtu ana mdomo, ujue ni balaa. Alifuga nguruwe mpaka mgongo ukakataa. Ndipo akapewa kipindi cha asubuhi kwenye redio yetu ndogo hapa Missouri, katikati ya bei za nguruwe na matangazo ya vifo. Humo alisema yale tuliyokuwa tukiyasema sote: kwamba televisheni na magazeti ya mjini hutukumbuka kimbunga kikipita, au mtu akitafuta wa kumcheka, kwamba ukimtaja Yesu mbele yao unaonekana mgonjwa, kwamba wanasiasa, hata hao wetu, hufungua Biblia kura zikikaribia.

"Hawaji kuuliza," alisema kila siku. "Wanaandika kwanza. Wakikosea, wanasahihisha ukurasa wa nyuma, chini ya tangazo la magodoro."

Alikuwa sahihi. Mpaka leo nasema alikuwa sahihi.

Verlon alikuwa shemasi wa kanisa la Nebo. Mkewe Lorna alizikwa pale, na sehemu ya kaburi la Verlon mwenyewe iko ubavuni kwake. Kanisa lilikuwa limebaki na wazee wachache, wengine wanasinzia kabla ya wimbo wa kwanza. Lilikaa muda mrefu bila mchungaji, mpaka akaja kijana mmoja, Curtis Nyquist, akakubali mshahara ambao mimi nisingeukubali hata kwa kupiga kengele. Kila mtu alijua kwamba huyu akiondoka, mlango unafungwa.

Sasa, kwetu bendera ya Marekani inasimama karibu na mimbari. Hamisha meza ya Bwana, watu watanung'unika wiki moja. Hamisha bendera uone.

Jumapili moja ya mwezi wa sita tukaingia, mlingoti uko mtupu. Mchungaji naye siku hiyo akahubiri juu ya ufalme usio wa dunia hii. Mtu wa hapa akiona mlingoti ule na kusikia mahubiri yale, hana haja ya mahakama. Verlon alitoka bila kumpa mchungaji mkono.

Jumatatu redioni alinguruma. "Hao wanaotudharau wamefika Nebo, jamani! Nilidhani wako Washington tu. Kumbe tumewapa na nyumba ya kukaa. Bendera waliyofia kaka zetu imetupwa nje ya nyumba ya Mungu!"

Hata mimi nilipiga honi kwa furaha, peke yangu barabarani.

Kufikia Jumatano, mke wa mchungaji alisalimia buchani, hakuna aliyemwitikia. Mtu akapiga simu kwao, akatapika matusi. Wazee wawili wakasema sadaka yao haiendi tena pale.

Alhamisi tuko mgahawani kwa Twyla, akaingia bibi Oleta Grubb na mfuko wa nguo. Bibi huyu alimfundisha Verlon shule ya Jumapili, hamwogopi. Akautua mfuko juu ya mayai aliyokuwa akila Verlon.

"Verlon, we mtoto, umerukwa na akili?"

"Nimefanya nini tena, bibi?"

"Fungua."

Akafungua. Bendera ya Nebo, imefuliwa, nyuzi za dhahabu za pembeni zimeshonwa upya nusu.

"Zilikuwa zimefumuka," bibi akasema. "Nilimwambia mchungaji naichukua niishone kabla ya sikukuu ya Uhuru. Akaniambia asante, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Nyumba yangu na yako zinatenganishwa na uzio! Ungeniuliza."

Nikamwambia, "Verlon, leo umekuwa gazeti la mjini." Kwa kawaida utani wangu unaangusha watu vitini. Huu haukuangusha mtu.

Lakini mwanaume ni mwanaume. Kesho yake hakungoja ukurasa wa nyuma. Alianza kipindi na masahihisho yake, kwa sauti ileile. "Nilisema mchungaji Nyquist alitupa bendera. Ni uongo, na uongo ni wangu. Sikuuliza. Naomba radhi kwake na kwa mkewe."

Simu ikalia. Alikuwa Dewey Mapes, wa kiwanda cha chakula cha kuku.

"Verlon, kaka, nani amekutisha?"

"Hakuna, Dewey. Nilikosea."

"Sawa, sawa, naelewa. Huwezi kusema. Kama kuna mtu studioni hapo, we kohoa."

Na Verlon, aliyevuta vumbi la mabanda maisha yake yote, akakohoa.

"Nimekusikia, kaka!" Dewey akakata.

Wa pili akasema ni wenye redio wamemkaba. Wa tatu, mama mmoja, akasema anamwombea ili apate ujasiri wa kusema kweli. Verlon akapiga kelele: "Kweli ndiyo hii!" Mama akajibu kwa huruma, "Ndivyo wanavyokulazimisha useme, mpenzi."

Alikwenda nyumbani kwa mchungaji. Nilimpeleka mimi, nikabaki mlangoni na kofia mkononi.

"Nimekusamehe, kaka Verlon," Curtis akasema. "Nilikusamehe hata kabla hujaja. Lakini mke wangu hawezi kununua mkate hapa. Tunaondoka."

"Nipe mwezi. Nitasema kila asubuhi."

"Nimekusikiliza leo asubuhi," akasema taratibu. "Kadiri unavyosema, ndivyo wanavyozidi kutukasirikia."

Waliondoka Jumamosi, na Verlon ndiye aliyebeba jokofu lao, kwa mgongo ule ule mbovu. Jumapili mlango wa Nebo haukufunguliwa.

Jumatatu, baada ya kipindi, alikuja kwa Twyla. Wanaume wakasimama, wakampigia makofi. Dewey akamshika bega, akamnunulia kipande cha pai ya cheri.

"Umetuondolea yule mtu, Verlon. Na wameshindwa kukunyamazisha."

Verlon alifungua ule mdomo wake. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaufunga, akachukua uma, akaanza kula.