Tarumbeta la Kukwepea Vikao

Jumamosi zangu zote zilikuwa za kamati za harusi. Sisi Wachaga wa Arusha hatufungi harusi bila vikao, na kila kikao kina soda, sala ndefu na mwenyekiti anayependa sauti yake. Nilipotimiza miaka hamsini nikasema basi. Nikanunua tarumbeta la mtumba, nikapata mwalimu hapa hapa Moshono, nikatangaza kwamba Jumamosi nasoma muziki, asinisumbue mtu.

Mke wangu alilitazama lile tarumbeta kama mtu aliyeletewa mbuzi mgonjwa. "Kwa hela hiyo tungeezeka banda la kuku," alisema. Nikamjibu kwamba kuku nimewafuga miaka ishirini, sasa nafuga roho yangu.

Nikapuliza miezi minane. Jirani alidai ng'ombe wake amepunguza maziwa kwa ajili yangu. Mimi huyo, napuliza tu, mpaka nikaweza nyimbo mbili za kanisani na moja ya kuserebuka. Nilijiona mtu huru.

Kisha shemeji yangu, ambaye mwanawe alikuwa anaoa, akaja kutusalimia na kunikuta nafanya mazoezi. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, halafu akatoka nje kupiga simu.

Sasa kila Jumamosi nasimama nyuma ya pikapu kwenye jua la utosi, nikipulizia maharusi wa watu kutoka kanisani hadi ukumbini. Na vikaoni nimerudi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo ya matarumbeta.