Beseni Dogo la Bi Tokie

Mteja asiyeuliza bei humtia muuzaji wasiwasi. Bi Tokie Uesaka alinipigia simu mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefika magotini, akasema anataka beseni la mawimbi, lile linalosafisha fremu za miwani kwa kuyatikisa maji. Liwe dogo, la karakana ya nyumbani. Bei hakuigusa. Nauza mashine kuukuu hapa Sabae, mji wa miwani huku Japani, tangu kiwanda kiliponiachisha kazi, na sauti ya mtu anayenunua kwa kubanwa naijua.

Kazi yake ni kung'arisha. Kwetu miwani hupita nyumba nyingi kabla ya kukaa puani kwa mtu: huyu anakata, yule anatia bawaba, mwingine anang'arisha, mwingine anaosha. Bi Tokie aling'arisha, na wifi yake, Bi Hisayo, dada wa marehemu mumewe, aliosha, ng'ambo ya kichochoro kisichopitisha hata gari. Bi Tokie akimaliza kazi ya siku anaweka kreti kwenye kizingiti cha mlango wa pembeni. Bi Hisayo anaichukua, na asubuhi kreti inakutwa palepale, fremu zikiwa safi. Hawakupendana hata kidogo. Desemba Bi Hisayo akaanguka akavunjika nyonga, binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Nagoya, mji wa mbali. Mabeseni yake makubwa yaliuzwa kwa mtu mwingine, si kwangu, na hilo sijalisahau.

Kiwanda kikamwambia Bi Tokie aoshe mwenyewe au kazi apewe mwingine. Hana nyingine. Ni mjane, mtoto hakujaliwa, na anayeingia kwake ni dereva wa kiwanda tu, Jumatatu kuleta fremu na Ijumaa kuzichukua.

Nilimpelekea mabeseni mawili. Moja lilikuwa kama sufuria ya wali, linaingiza fremu tano. La pili lilimeza kreti nzima. Akaning'iniza kipande cha foili ya jikoni ndani ya maji kupima nguvu ya mawimbi, akawasha, akasubiri, kisha akakiinua dirishani. Kilikuwa na matundu kama nguo iliyoliwa na nondo. Akarudia kwenye beseni la pili, matundu yaleyale.

"Yote yanafanya kazi," alisema, kama mtu aliyetarajia vingine.

Mimi nilimsukumia kubwa. Faida yake ilikuwa nzuri zaidi, sioni haya kusema.

"Hili dogo utasimama nalo kutwa kama mkaanga tempura, unatumbukiza kimojakimoja mafutani," nikamwambia. "Kubwa unatumbukiza kreti mara moja, unakwenda zako."

"Nakwenda wapi?"

"Kunywa chai."

"Chai nainywa hapahapa." Akaligonga kubwa kwa kidole. "Wifi yangu alikuwa na makubwa. Nipe kubwa. Angalau hili halitanikimbilia."

"Alikuwa anakukimbilia?"

"Kreti haijatua chini, yeye huyo. Kunihesabia makosa. Miaka yote ile hakunipa nafasi hata ya kunawa mikono."

Bei nilikuwa nimeipandisha kidogo ili apate cha kupunguza. Hakupunguza. Akafungua pochi, akaanza kutoa noti, ikabidi nijipunguzie mwenyewe. Haijapata kunitokea.

Wiki ya pili akapiga simu. "Beseni lako halifai. Fremu zimerudishwa."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika, maana mashine ninayouza huwa nimeijaribu. Fremu zilikuwa na utando mweupe kwenye pembe za bawaba, nta ya kung'arishia iliyogoma kutoka. Dereva alimwambia zikirudi tena basi, kazi inahamia nyumba nyingine. Nikajaribu foili: matundu. Nikapima maji: vuguvugu, kama inavyotakiwa.

"Ongeza joto," nikasema.

"Nizipinde zote? Plastiki hii ukiizidishia moto inakuwa ndizi. Wewe ulifanya kazi kiwanda gani?"

"Cha vifungashio."

"Inaonekana."

Nikakaa kwenye kigoda nikamwangalia. Alinipa chai na kipande baridi cha yokan, halua ya maharage, akarudi kwenye gurudumu lake la kitambaa la kung'arishia. Alifanya kazi vizuri, hilo sina la kupinga: fremu inaguswa, inageuzwa, inaguswa tena, inatoka mkononi mwake inang'aa chini ya ule utando wa nta. Akaenda hivyo mpaka ya mwisho. Kisha akafuta vidole, akabeba kreti, akafungua mlango wa pembeni, akaiweka kwenye kizingiti, chini ya upenu wenye barafu, akafunga. Akaenda kunawa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimemaliza."

"Na kuosha?"

"Kesho. Kuosha ni kazi ya asubuhi. Wifi yangu alikuwa anazileta asubuhi."

"Kwa hiyo zinalala nje?"

"Ndipo kreti inapokaa," alisema, kama nimemuuliza kwa nini mto unakaa kitandani.

Nikatoka, nikaingia garini mwangu, nikampigia Bi Hisayo. Kuuliza ni bure, na mimi cha bure sikiachi.

"Nani? Tsubokawa? Mabeseni nilishauza."

"Najua, na hukuniuliza. Niambie tu, zile fremu ulikuwa unaziosha saa ngapi?"

"Papo hapo. Chumbani kwake kuna joto, nta inabaki laini; nje ikipoa imeshika, hata uiombe. Na maji ya moto sana huwezi kutia. Nilikuwa nakaa na viatu miguuni nasikiliza mlango wake."

"Mbona hukumwambia hayo?"

"Aliniuliza? Hata salamu yake ilikuwa kama ya kuazima."

"Yeye anasema ulikuwa unamkimbilia umhesabie makosa."

"Makosa yalikuwepo. Lakini si hayo yaliyonikimbiza." Halafu akauliza, "Pembe za bawaba bado anazifanya vizuri?"

"Vizuri sana."

"Usimwambie nimeuliza."

Nikarudi ndani nikamwambia Bi Tokie habari ya nta, na ya viatu miguuni. Lile swali la mwisho nililiacha garini, kama nilivyoombwa. Alisimama na taulo mkononi.

"Nta, kumbe," alisema.

"Nta."

Nilingoja aseme kitu juu ya wifi yake.  Alifungua mlango, akaingiza kreti, akapangusa theluji iliyodondokea kwenye kitambaa kilichoifunika.

"Hizi zimeshaharibika?"

"Zirudishe kwenye gurudumu zipate joto, uzioshe hivyohivyo. Na hilo kubwa nirudishie, linakufanya ungoje kreti ijae. Chukua lile dogo, ninalo garini, uliweke kando ya mkono wako. Fremu ikitoka kwenye gurudumu inaingia majini."

"Kwa hiyo nisimame nalo kutwa."

"Kama mkaanga tempura."

"Si ulisema hilo ni baya?"

"Nilikuwa nauza," nikasema.

Nilimrudishia tofauti ya bei, nikakata petroli ya safari moja. Safari hiyo alihesabu chenji mbele yangu, nikafarijika.

Ijumaa dereva alichukua fremu. Jumatatu alileta nyingine, nyingi kuliko zile za mwanzo, na hakuna iliyorudi tena. Kazi ilibaki kwake. Sasa haikumlazimu kufungua ule mlango kabisa. Kila kitu kilianzia na kuishia pale alipokaa.

Ndipo simu zake zilipoanza. Mara ya kwanza aliuliza maji abadilishe lini. Nikamwambia yakichafuka. Mara ya pili aliuliza yakichafuka kiasi gani. Safari nyingine alitaka kujua kama kikapu cha ndani kinaoshwa kwa sabuni, mwanamke aliyekulia kwenye fremu, ananiuliza mimi wa vifungashio.

"Mpigie wifi yako," nilimwambia. "Hayo ndiye anayeyajua."

"Nimpigie nimwambie nini? Alipokuwa hapo ng'ambo hatukuzungumza. Ndiyo tuanze yuko Nagoya?"

"Mwulizie nyonga."

"Ana binti wa kumwulizia."

Nikiwa na mteja huiacha simu iite, kisha nampigia baadaye, maana mteja aliyenunua mara moja anaweza kununua tena. Juzi nilimpigia hivyo. Beseni lililobeba fremu lina sauti nzito, ya kukatikakatika. Lenye maji peke yake hulia sauti moja nyembamba, kama mbu. Nilisikia mbu.

"Bi Tokie, beseni linalia halina kitu ndani."

"Nimemaliza kazi sasa hivi."

"Basi lizime. Linakula umeme bure, na linachakaa."

"Nitalizima."

Akaniuliza kama theluji imepungua upande wetu. Kutoka kwake hadi kwangu ni daraja moja tu, theluji yetu ni ileile. Nikamwambia imepungua. Akasema na kwake pia. Beseni liliendelea kulia mpaka tukakata simu.